Alhamisi za Papa Alimasi: mafunzo ya lazima hospitalini Kisangani, na siku niliyoandika dakika 20 ambazo hazikuwepo

Wakuu, heshima kwenu nyote, mlio kwenye zamu na mnaosoma mkiwa mmejinyoosha.

Leo naweka hapa jambo langu mwenyewe. Sikuhadithiwa, nilikuwepo, na sehemu yake kubwa inaniaibisha. Ningetaka kutunga ningeanza kwa kujipamba.

Mimi ni mzaliwa wa Kisangani, enzi hizo nchi ikiitwa Zaire. Sasa naishi Kigoma, miaka mingi tu. Kiswahili changu kimechanganyika na cha huku, lakini watu wa kwetu nitawaacha waongee kama walivyoongea. Kule "iko" inabeba mizigo yote, "njo" ni "ndiyo", "ba" ni "wa", na Kifaransa hakikosi kwenye sentensi. Mtazoea.

Kilichoniamsha ni binti yangu. Ni muuguzi. Juzi alikaa sebuleni na laptop anafanya training ya lazima ya usalama kazini. Online. Ukurasa unafunguka, anabonyeza next. Mwingine, next. Dakika kumi certificate ikatoka, na jina lake limepambwa maua pembeni.

Nikamuuliza umesoma nini humo. Akacheka. "Baba, hiyo ni compliance tu, kila mwaka tunafanya."

Simlaumu, yuko peke yake zamu ya watu watatu. Ila nilitoka nikakaa kibarazani, na mawazo yakanirudisha Kisangani, kwenye chumba chenye harufu ya Javel, ile dawa kali ya kusafishia.

Twende taratibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wazazi wangu walitoka Maniema, wakahamia Kisangani kabla sijazaliwa, tukakaa Mangobo. Nilipata kazi kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja jina, nikawekwa chumba cha sterilisation. Ndipo vyombo vya matibabu vilipoletwa kuuliwa vijidudu.

Vijana wa leo mjue kitu kimoja. Hakukuwa na bomba la sindano la kutupa. Bomba lilikuwa la kioo, sindano ya chuma, na vyote vilitumika tena na tena. Sindano ikiisha makali tunainoa kwenye jiwe. Glavu zinafuliwa, zinaanikwa, halafu unapuliza moja moja kama puto kuona kama ina tundu, ndipo unapaka poda. Nilikuwa na mashavu ya mpiga tarumbeta.

Na kila kitu kinachemshwa. Dakika ishirini, zikihesabiwa tangu maji yalipochemka kweli, sio tangu ulipowasha moto. Umeme ulikuwepo wa bwawa la Tshopo, lakini jiko letu la umeme lilishakufa, hivyo tulichemshia makaa.

Sasa huyo Papa Alimasi.

Alikuwa infirmier, yaani muuguzi, wa siku nyingi, mtu wa Kindu, Mwislamu, mrefu, mwembamba, blouse yake nyeupe, lile koti la kazi, imepigwa pasi mpaka mikono inakata. Siku zile serikali ilitaka tuitane citoyen na citoyenne, yaani raia, na wanaume wakubwa wote walivaa abacost, lile koti lisilo na tai. Papa Alimasi aliitwa citoyen kwenye karatasi tu. Kwa midomo ya watu alikuwa Papa.

Ikaja barua kutoka juu. Kila kituo cha afya kiwe na mafunzo ya lazima ya hygiène, yaani usafi, na usalama, kwa wafanyakazi wote bila kubagua. Kulikuwa na maneno ya ugonjwa mbaya huko msituni uliosambazwa kwa sindano, na wakubwa walikuwa na hofu. Hospitali nyingine, nasikia, waliandika majina kwenye karatasi, wakaipeleka, basi. Kwetu barua ilipewa Papa Alimasi, na huyo hakujua kufanya kitu nusu.

Kila Alhamisi, saa moja asubuhi, sharti uwepo. Daktari mkuu, wauguzi, dereva, mpishi, mama wa kufua, mlinzi wa geti. Asiyekuja siku hiyo hagusi mgonjwa wala chombo.

Watu walinung'unika. Jumatatu asubuhi tayari tulikuwa tunasimama uani tunapiga makofi na kuimba nyimbo za chama. Jumamosi kuna salongo, kazi ya lazima ya kufyeka na kuzibua mitaro. Sasa na Alhamisi tena.

Dereva wetu alisema, "Papa, mimi niko na endesha gari. Microbe yangu iko wapi?"

Papa Alimasi akamjibu, "Iko ku usukani. Ulifungua mlango ya ambulance na mikono gani?"

Hakubishana zaidi. Alhamisi iliyofuata alifanya kitu ambacho nikikikumbuka nacheka peke yangu mpaka mke wangu ananitazama.

Alikuja mapema, akapaka kidogo ile dawa ya zambarau ya vidonda, violet de gentiane, nyuma ya kitasa cha mlango. Sisi tukaingia mmoja mmoja, hatujui. Yeye anafundisha tu kuhusu kunawa mikono, polepole, kama kawaida yake. Akaagiza hata chai na mikate iletwe, ile mikate ya kukaanga ya mviringo, tukala.

Alipomaliza akasema, "Bon. Muangaliane."

Wakuu, chumba kizima kilikuwa na zambarau. Mpishi ana zambarau mdomoni. Muuguzi mmoja ana zambarau shingoni. Daktari mkuu, mtu mwenye heshima zake na abacost ya kijivu, alikuwa na alama ya kidole katikati ya pua.

Hakuna aliyethubutu kumwambia. Tuliangalia chini. Mwishowe Mama Bolumbu, mama wa kufua, akasema kwa upole, "Docteur, njo pua."

Akajifuta kwa leso, akaiangalia leso, akaanza kucheka yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo manung'uniko yakapungua. Daktari mkuu alikaa mbele kila Alhamisi.

Mama Bolumbu nimtambulishe vizuri, maana ana kazi kubwa humu. Alikuwa mtu wa familia za wavuvi wa kule kwenye maporomoko, mumewe akitega vikapu vikubwa kwenye ile miti inayosimama ndani ya maji ya kasi. Hakujua kusoma. Papa Alimasi alianza mafunzo kwa Kifaransa kama barua ilivyotaka, akaona mama anasinzia. Akafunga karatasi, akahamia Kiswahili, na pale penye ugumu akapitia Lingala. Mama hakusinzia tena. Mitihani ilikuwa ya mdomo, na yeye alitupita wengi tuliokuwa na diplôme.

Alhamisi zile zilikuwa tamu, nisiwafiche. Mvua ya Kisangani inapiga bati, sisi ndani tunafundishwa kubeba mgonjwa kwa shuka moto ukitokea. Mpishi ndiye aliyekuwa mgonjwa kila mara kwa sababu alikuwa mzito, Papa akisema tukimweza huyo tutawaweza wote. Tulimdondosha mara mbili. Mchana Mama Bolumbu anatugawia samaki wa kukaushwa na lituma, ndizi zilizotwangwa, tunakula pamoja nyuma ya chumba cha kufulia, mikono tumeshanawa.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Ilikuwa Alhamisi pia. Baada ya mafunzo ilikuwa siku ya chanjo ya watoto, chini ya hangar, lile banda la wazi mbele ya hospitali. Na siku hiyo wageni wa mkoa walikuwa wanakuja kukagua. Hospitali ilifagiliwa mpaka udongo ukang'aa.

Mvua ilikuwa imenyesha, ikaingia kwenye makaa. Nimewasha, moshi. Nimepuliza, moshi. Maji yalichelewa sana kupata moto.

Mkuu wa wauguzi alikuwa citoyen Lofemba, kijana kuliko Papa Alimasi lakini cheo chake juu. Mchapakazi, sio mtu mbaya. Ila wageni wa abacost walimtia kiwewe. Akaja mlangoni kwangu.

"Musafiri, bageni bamefika. Sindano iko wapi?"

"Bado, citoyen."

Akaondoka. Haukupita muda akarudi.

"Bamama wako na ngoja. Bageni wako na angalia saa. Bado mpaka wakati gani?"

Safari hii hakuondoka. Alisimama pale pale, mkono kwenye fremu ya mlango, macho kwenye mgongo wangu.

Mniamini wakuu, hakuniambia nidanganye. Aliniambia wageni wamefika. Kudanganya nilijiongezea mwenyewe.

Saa ya mezani ilionyesha dakika nane tangu povu lianze. Nikashika koleo, nikatoa mabomba na sindano, nikapanga kwenye sinia, nikafunika kitambaa. Kwenye daftari kulikuwa na safu ya dakika. Nikaandika 20. Nikatia sahihi. Mwandiko ulikuwa mzuri kabisa, nakumbuka.

Wakati natoka na sinia, Mama Bolumbu alikuwa anaingia na taulo safi. Akaangalia sufuria.

"Imeshachemka?"

"Imechemka, Mama."

Aliniangalia. Nikapita.

Hangar ilijaa. Akina mama na watoto mgongoni, vitenge vya kila rangi, watoto wanalia kabla hata hawajaguswa. Wageni walikuwa wanne, wamekaa kwenye viti vilivyotolewa ofisini kwa daktari. Papa Alimasi alikuwa mezani, ndiye atakayechoma.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Mama Furaha, jirani yetu wa Mangobo, na mtoto wake wa kike. Nyuma yake alikaa mama mgeni, anatetemeka, anaogopa sindano. Mama Furaha akamgeukia.

"Usiogope, dada. Unaona ule kijana? Ni mutoto ya kwetu. Njo anachemshaka sindano. Anafanyaka muzuri."

Yule mama akanitazama, akatulia. Akamlegeza mwanae mgongoni, akamweka mapajani tayari.

Papa Alimasi alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba. Mama Furaha amefunua paja la mtoto.

Nikajisikia nasema, "Papa, ngoja."

Akasimamisha mkono. "Nini, Musafiri?"

"Haikufika ishirini."

"Ilifika ngapi?"

"Nane."

Mama Furaha akamfunika mtoto paja.

Papa Alimasi hakupaza sauti. Alirudisha bomba kwenye sinia, akafunika kitambaa, akanawa mikono. Kisha akasema, "Bon. Tutachemsha tena."

Mgeni mmoja akamuuliza daktari mkuu kwa Kifaransa kwa nini kazi imesimama. Citoyen Lofemba akaja mbio, jasho limemtoka, ameshika daftari langu.

"Ni kitu kidogo, mukubwa. Kijana amechanganyikiwa. Angalia, cahier inasema ishirini."

Papa Alimasi akamgeukia. "Cahier haiuake microbe, citoyen."

Akina mama wakaanza kuguna. Wengine walikuwa wameacha soko, wengine shamba. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo mama mmoja mtu mzima, miguu yake imejaa vumbi jekundu, akasema kwa sauti ya kila mtu asikie:

"Mimi nimetoka Bengamisa na miguu, siku mbili. Njo nitashindwa kungoja maji?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kiliokoa siku.

Makaa sasa yalikuwa yamekolea. Papa Alimasi akaamuru sufuria na jiko viletwe pale pale hangar, mbele ya wote. Maji yalipochemka kweli akanikabidhi ile saa ya mezani.

"Simama katikati. Dakika ikipita, sema."

Nikasimama na saa kifuani kama mtu amebeba picha ya marehemu. Nikasema moja. Nikasema mbili. Kufika tano akina mama walikuwa wanaitikia. Kufika nane, wote walitamka nane kwa nguvu, wengine wakinitazama na kutabasamu, na mimi machozi yalikuwa karibu.

Kuanzia hapo mama mmoja akachukua ule wimbo wa chama tuliouimba kila Jumatatu, akabadilisha maneno. Pale penye majina ya wakubwa akaweka maji, penye ushindi akaweka sindano. Hangar ikaitikia na makofi. Sisi wafanyakazi tuliganda, maana kuchezea wimbo ule mbele ya watu wa mkoa ni hatari. Lakini wageni waliujua mdundo, nadhani maneno hawakuyafuata vizuri. Nao wakapiga makofi.

Ishirini ikafika. Papa Alimasi akachukua koleo mwenyewe. Mtoto wa Mama Furaha akachomwa wa kwanza, akalia, akanyonya, akalala. Tukaendelea mpaka mchana na hakuna aliyeondoka bila chanjo.

(Naona kuna mkuu ameuliza hapo chini kama sikuogopa kufungwa. Niliogopa sana. Nyakati zile mtu akiaibisha hospitali mbele ya wageni, huwezi kujua neno linafika wapi. Nilipofika nyumbani sikumwambia mama yangu. Alishasikia kwa Mama Furaha kabla sijaingia. Aliniwekea chakula, na nyama ilikuwa kubwa kuliko kawaida.)

Kesho yake nikapata demande d'explication. Hiyo ni barua ya kikazi ya kukutaka ujieleze kwa maandishi, na kwetu ukishaipata jua unaning'inia. Nikajibu kwa mistari michache. Nilitoa kwa dakika nane, niliandika ishirini, nilijua.

Nikaitwa kwa daktari mkuu. Ndani walikuwa yeye, citoyen Lofemba na Papa Alimasi.

Lofemba alisema nifukuzwe. Na hoja yake ilikuwa na uzito, siwezi kuikataa. Mtu aliyedanganya kwenye daftari la sterilisation, utamwaminije kesho?

Daktari akamuuliza Papa Alimasi. Yeye aliangalia mikono yake.

"Docteur, mimi nimekasirika kupita Lofemba," akasema. "Ule mutoto ningemuchoma na mukono yangu, si ya Musafiri. Lakini angalia. Batu bengi badanganyaka, hatujue hata jina yabo. Huyu tunajua kwa sababu alisema mwenyewe, mbele ya batu. Tukimufukuza, wengine batajifunza nini? Batajifunza kunyamaza. Alors, tutakuwa na cahier muzuri sana, na batoto wagonjwa."

Daktari aligusa pua yake, sijui kama ni kwa bahati mbaya. Akaandika. Naondolewa sterilisation mwezi mmoja, napelekwa kufua na Mama Bolumbu. Nikirudi, Alhamisi ya kwanza nitafundisha mimi.

Mwezi ule wa kufua, wakuu, ndio shule niliyosoma maishani.

Siku ya kwanza nilimuuliza Mama Bolumbu kama alijua.

"Nilijua. Nilipopita mara ya kwanza, maji ya weye ilikuwa bado na imba. Maji inaimbaka kwanza, kisha inanyamaza, njo inachemka. Kisha nikaleta taulo, wakati ilikuwa kidogo tu. Na weye ulikuwa na toka mbio."

"Sasa mbona hukusema?"

Alikamua shuka mpaka mwisho ndipo akajibu. "Nilikuwa na kuja kusema. Nilitupa taulo, nikafuata weye. Nilipofika ku hangar, nikakuta weye mwenyewe iko na sema. Njo nikarudia kufua."

Mpaka leo sijui ningejisikiaje kama angenitangulia kwa hatua kumi.

Halafu akanionyesha mikono yake. Mimi nilikuwa namwona kila siku, sikuwahi kuiangalia. Ilikuwa na vialama vidogo vidogo, kwenye vidole na kiganjani.

"Hii ni nini, Mama?"

"Sindano. Munachoma mugonjwa, munasahau sindano ndani ya shuka. Shuka inakuja kwangu. Kila sindano mwenye munasahau, inanikutaka mimi."

Mimi ndiye niliyehesabu sindano zikirudi. Zikipungua moja au mbili niliandika "imevunjika", nikaendelea na kazi.

Alinifundisha kukung'uta shuka kwa kushika pembe nne, mbali na mwili, juu ya kipande cha bati ili kitu kikianguka kilie. Alinifundisha kutoingiza mkono mahali jicho halijaingia. Hayo yote alishayasema Papa Alimasi Alhamisi, na mimi nilikuwepo, na jina langu lilikuwa kwenye orodha. Nilikuwa nimeyasikia kwa masikio tu.

Mwezi ukaisha. Alhamisi yangu ikafika.

Nilisimama mbele, daktari mkuu kwenye kiti chake, Papa Alimasi amekaa nyuma kabisa na mpishi. Nilieleza kila kitu bila kujitetea. Makaa mabichi, dakika nane, tarakimu niliyoandika. Kisha nikaeleza kuhusu sindano zinazosahauliwa kwenye mashuka, na nikamwomba Mama Bolumbu aonyeshe mikono. Alisita. Akanyanyuka, akaonyesha. Wauguzi wawili waliinamisha vichwa.

Nilidhani nimemaliza. Citoyen Lofemba akanyoosha mkono.

Nikafikiri anataka kunimaliza mbele ya wote. Akasimama, akavuta abacost yake chini.

"Siku ile mimi nilikuwa nasimama ku mlango yake. Nilikuwa namusukuma na macho. Kama munaandika ile histoire, muandike na ile."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, haikuwa jambo la makofi. Lakini kabla ya mchana Papa Alimasi alitafuta rangi nyekundu, akachora mstari kwenye sakafu, hatua mbili kabla ya mlango wa sterilisation. Sheria mpya: mtu yeyote, hata daktari, asivuke mstari huo wakati maji yako motoni. Mstari ule uliheshimiwa. Nilimwona daktari mkuu amesimama nyuma yake mara nyingi, mikono mgongoni, anangoja kama watu wengine.

Na mimi nikarudi kwenye sufuria yangu. Sikuwahi tena kuandika tarakimu kabla ya saa.

Miaka ikapita. Lofemba akahamishiwa Yangambi, tukaagana vizuri, aliniletea hata papai za huko. Papa Alimasi akazeeka. Siku moja mwenyewe akaugua, homa kali na mapafu, akalazwa kwenye kitanda alichokuwa anakikagua. Akaandikiwa sindano, asubuhi na jioni.

Sikuwaambia, tangu siku ile ya hangar huyu ndiye aliyewafundisha wagonjwa wetu wote kuuliza. Kabla hujanyoosha mkono, muulize muuguzi imechemka dakika ngapi. Wengine walituudhi kwa maswali hayo.

Nilipeleka sinia mwenyewe. Muuguzi aliyekuwa zamu akavuta dawa. Nilisimama pale nangoja swali, jibu liko tayari mdomoni.

Hakuuliza. Alikuwa ananisimulia soko la Kindu alipokuwa kijana, samaki walivyopangwa kwenye majani. Akapandisha mkono wa pyjama huku anaongea, akachomwa, akaendelea na samaki wake.

Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta. Nina vyeti kadhaa kwenye sanduku, wakuu. Hakuna kimoja nilichokipokea kama nilivyopokea ukimya ule.

Alipona. Alipostaafu aliamua kurudi kwao. Tulimsindikiza mpaka kivukoni, akavuka kwenda rive gauche, ng'ambo ya kushoto ya mto, kupanda treni ya Ubundu, na kutoka hapo aendelee na mto. Mama Bolumbu alimpa furushi la samaki, akamwambia ameshanawa mikono. Sikumwona tena. Baadaye nchi ikaharibika, hospitali ikaporwa mpaka milango, mimi nikaja huku.

Nilichojifunza nakiweka kwa ufupi. Sharti haliwi usalama kwa sababu limeitwa lazima. Kwetu lilikuwa usalama kwa sababu mtu mmoja aliliamini asubuhi ya mvua wakati hakuna mkubwa anayemwangalia, na kwa sababu aliyekosea aliruhusiwa kusema akabaki na kazi. Ukiwa bosi, chunga unasimama mlangoni kwa nani. Kuna mtu anakupa tarakimu unayoitaka kwa sababu tu hukutoka hapo.

Na wewe uliye chini, ukishaandika uongo bado hujachelewa. Mpaka sindano iingie, una nafasi ya kusema ngoja.

Nawaachia uwanja. Wahudumu wa afya, wa viwandani, wa migodini, hata madereva: ni nani kwenu aliwahi kusema "ngoja" mbele ya wakubwa, na alifanywa nini baadaye? Nitasoma zote, na nitajibu polepole maana miwani yangu imevunjika mguu mmoja.